Bustani za Wakuu na Jasho la Wachimbaji

Kila mtawala hupenda utajiri wake ujulikane hata kwa watu wasiofika kwake. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alianza kutengeneza bustani kubwa huko Versailles katika miaka ya 1660. Mafundi kama Israël Silvestre walichora picha zake katika mabamba ya shaba, zikapigwa chapa na kuenea Ulaya. Humo njia zimenyooka kama uzi, na watu ni wadogo kama siafu, ili mtazamaji auone ukuu wa mwenyewe. Lakini maelfu ya askari waliochimba mabwawa na mifereji hawaonekani.

Nasi watu wa Lusu, jirani wa Tabora, jambo hili si geni kwetu. Stanley alipofika Tabora mwaka 1871, aliona matembe ya Waarabu yamezungukwa na ngano, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Akaeneza habari hizo mwaka 1872 katika kitabu chenye picha. Lakini jembe lilishikwa na watumwa, na mali ilitokana na pembe zilizochukuliwa mabegani na wapagazi hata pwani.

Basi, msomaji, ukipumzika chini ya mwembe wa kale katika njia ya misafara, usiulize tu ulikuwa wa nani. Uliza pia ni nani aliyeuchimbia shimo.