Msimamizi wa Mtoa Taarifa

Askari wanyamapori wengi wa Tanzania wamepitia Pasiansi, Mwanza, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1966. Porini askari hufuata nyayo za majangili. Meno ya tembo yakishapakiwa kwenye gari, nyayo zimekwisha. Anayejua yanakokwenda ni dereva, mwenye stoo au dalali: mtu aliyemo ndani ya mtandao ambaye, kwa woga, kisasi au fedha, yuko tayari kusema. Ofisa anayekabidhiwa mtu huyo ndiye ninayemtafutia istilahi.

Yule anayesema ana majina tele: infoma, msiri, na mtaani mnoko. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi imeimarisha jina “mtoa taarifa”, lakini hilo linamhusu pia karani mwema aliyefichua wizi ofisini kwake. Wetu mkono wake haujatakata. Pale tofauti inapohitajika, tuseme “mtoa taarifa mhalifu”, hata kama linakera sikio.

Ofisa wake je? Wapo wanaopendelea “mlezi”. Nalikataa kabisa. Mlezi humpenda anayemlea na humfichia makosa, na hapo ndipo kazi hii huharibika. John Connolly, ofisa wa FBI mjini Boston, alimsajili kama mtoa taarifa James Bulger, jambazi aliyetoka mtaa mmoja naye. Taarifa zilikuja, huku Bulger akiendelea kuua. Mwishoni mwa 1994 Connolly alimtonya kwamba anakaribia kushtakiwa, Bulger akatoroka, akaja kukamatwa 2011. Connolly mwenyewe alitiwa hatiani 2002, kisha 2008 kwa mauaji.

Kwa hiyo nasema “msimamizi”. Neno hili lina mamlaka ndani yake, na lina swali: naye anasimamiwa na nani? Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2001 ilijibu kwa vitendo. Mtoa taarifa achunguzwe kabla ya kutumiwa, malipo yashuhudiwe na maofisa wawili, na uhalifu wowote atakaoruhusiwa kuufanya uidhinishwe kwanza kwa maandishi. Msimamizi hamiliki mtu. Ana dhamana tu.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyolenga majangili, ilikwenda kwa nguvu nyingi. Wananchi waliteswa, wengine walikufa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao Desemba mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye kikosi kazi cha taifa kilimkamata Yang Feng Glan, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Kesi kubwa kama hiyo hujengwa kwa ufuatiliaji wa subira, si kwa kuvamia vijiji.

Hatari nayo ni ya kweli. Wayne Lotter, aliyeshirikiana na serikali katika intelijensia dhidi ya ujangili, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam Agosti 2017. Mtoa taarifa wa kijijini hana hata umaarufu wa kumfanya aombolezwe. Ndiyo maana ningependa istilahi iandikwe kwa ukamilifu wake kwenye jalada, “msimamizi wa mtoa taarifa”, na chini yake jina la ofisa mmoja atakayeulizwa siku mtu wake asipoonekana.