Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko
Shirika la watawa Wakatoliki lililoanzishwa Uganda mwaka 1923 na Mama Kevin (Teresa Kearney, 1875–1957), mtawa wa Ireland aliyefika Nsambya, Kampala, mwaka 1903 na kuanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe. Historia ya shirika haitunzwi katika makabati ya nyaraka tu. Kitovu chake ni kaburi la mwanzilishi. Mama Kevin alifariki Marekani, mwili ukapelekwa Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali abaki huko. Wakaomba arudishwe, akazikwa Nkokonjeru, Uganda, Desemba 1957, na waumini huenda kuhiji hapo. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu nao hudai maandishi na shuhuda zikusanywe. Hata hivyo, karama ya mwanzilishi huonekana zaidi katika hospitali na shule zinazoendeshwa na masista.