Migogoro ya ujenzi nchini Tanzania

Migogoro ya ujenzi nchini Tanzania ni mabishano ya kisheria yanayozuka kati ya mwenye mradi, mkandarasi, mkandarasi mdogo na washauri wa kitaalamu. Mengi hutokana na malipo kucheleweshwa, kazi za nyongeza zisizoandikwa, muda kupita au ubora hafifu. Fundi aliyepatana na mwenye nyumba kwa mdomo tu hupata taabu kuthibitisha alichoahidiwa, hata kama ukuta umesimama mbele ya macho ya wote.

Mikataba mikubwa kwa kawaida hupeleka shauri kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husaidia katika usuluhishi huo.

Udhibiti

Makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba. La kwanza ndilo la juu, na madaraja yaliyo chini yake yana kikomo cha thamani ya kazi. Wahandisi wana bodi yao, vivyo hivyo wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Watu kadhaa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka ya namna hiyo ni ya jinai, kwa hiyo hayamalizwi na msuluhishi wa mkataba.