Maji ya Lufira na umeme wa Likasi

Wengine wanafikiri umeme usio na moshi ni jambo jipya. Kwetu Likasi si jipya. Tangu mwaka 1930 maji ya Mwadingusha, katika muto Lufira, yanazungusha mashini. Union Minière ilitaka umeme huo kwa kusafishia shaba katika kiwanda cha Shituru. Ukuta wa kuzuia maji ulizaa ziwa Tshangalele, na wavuvi wakajenga kandokando yake.

Lakini tufuate maji. Uchafu wa Shituru uliteremka katika muto Panda, Panda ikaingia Lufira, Lufira ikaingia ziwani. Ndivyo umeme ulivyofika mujini ukiwa safi, na uchafu ukarudi kule umeme ulikotoka, kwa wavuvi.

Mwaka 2015, huko Paris, mataifa yalipatana kupunguza moshi unaopasha dunia joto. Sasa motokari za betri zinaomba kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu. Tena mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walikuwa wamekwisha kupima mukojo wa watu wa Katanga ya kusini: waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka machimbo au viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto kupita wakubwa.

Mapatano ya Paris yanataja haki ya afya katika utangulizi. Kipimo cha kobalti katika maji ya kunywa hakimo, nasi tunaona si jambo dogo. Mwaka 2021 mashini ya Mwadingusha, yaliyotengenezwa upya, yalianza tena kazi, kwa faida ya machimbo ya Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi.