Faili la mipangilio: jinsi ya kulisoma na kuliandika katika programu ya Python

Makala haya ni kwa wote wanaojifunza kuandika programu katika vituo vya kompyuta, ndani ya makazi ya wakimbizi na katika vijiji vya jirani. Huhitaji intaneti ili kufuata hatua hizi. Inatosha kuwa na kompyuta yenye Python 3.

Faili la mipangilio ni nini?

Ni faili dogo la maandishi linalohifadhi mambo yanayoweza kubadilika: bei, lugha, jina la folda na kadhalika. Programu ikifunguliwa, hulisoma faili hilo kwanza, kisha hufanya kazi kulingana na yaliyoandikwa humo.

Kwa mfano, Kolibri, programu ya masomo inayotumika bila intaneti, ina faili linaloitwa options.ini ndani ya folda ya .kolibri. Mwalimu anaweza kubadilisha hapo namba ya poti, ikiwa poti ya kawaida inatumiwa na programu nyingine.

Kwa nini bei isiandikwe ndani ya programu?

Tuseme umetengeneza programu ya kupiga hesabu katika duka la kuchaji simu na kutoa nakala. Bei ikiwa ndani ya programu, siku inapopanda ni lazima utafutwe wewe. Huenda wakati huo umeshahamia nchi nyingine au umepata kazi mjini. Bei ikiwa katika faili la mipangilio, anayehudumu dukani anaibadilisha mwenyewe kwa Notepad.

Faili lenyewe linafananaje?

Fungua Notepad, andika mistari hii, kisha hifadhi kwa jina duka.ini katika folda ya programu yako:

```
# Bei ni kwa shilingi
[duka]
lugha = sw

[bei]
kuchaji = 500
nakala = 200

[risiti]
chapisha = yes
```

Jina lililo ndani ya mabano ni kichwa cha sehemu. Chini yake, kila mstari una jina, alama ya = na thamani. Mstari unaoanza na # ni maelezo kwa msomaji, programu huuruka.

Ninalisomaje?

Python 3 inakuja na zana iitwayo configparser. Huhitaji kupakua kitu kingine.

```
import configparser

m = configparser.ConfigParser()
if not m.read("duka.ini", encoding="utf-8"):
    print("Faili duka.ini halikupatikana")
    raise SystemExit

bei = m.getint("bei", "nakala")
lugha = m.get("duka", "lugha", fallback="sw")
risiti = m.getboolean("risiti", "chapisha")
print("Nakala 3 ni shilingi", bei * 3)
```

Zingatia mambo manne:

1. Faili lisipopatikana, `read` hainung'uniki. Inaendelea kimya, na kosa hujitokeza mbele. Ndiyo maana tumeweka ukaguzi hapo juu. Faili hutafutwa katika folda ambamo programu imeanzishwa.
2. Kila thamani ni maandishi, hata ikionekana kama namba. Ukitumia `m["bei"]["nakala"] * 3` hupati 600, unapata 200200200. Tumia `getint` kwa namba nzima na `getfloat` kwa namba zenye desimali.
3. `getboolean` inaelewa yes na no, true na false, on na off, 1 na 0. Ukiandika "ndiyo", programu itasimama na kuonyesha kosa.
4. `fallback` ni thamani ya akiba endapo mstari haupo. Inafaa kwa lugha. Kwa bei usiiweke: ni afadhali programu isimame kuliko kumtoza mteja bei isiyo sahihi bila mtu kujua.

Ninaandikaje mabadiliko?

```
import os

m["bei"]["nakala"] = "300"
with open("duka_mpya.ini", "w", encoding="utf-8") as f:
    m.write(f)
os.replace("duka_mpya.ini", "duka.ini")
```

Weka 300 ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu zana hii hupokea maandishi tu. Tumeandika kwanza katika faili jipya, kisha tumelibadilisha na la zamani. Ukiandika moja kwa moja juu ya duka.ini, yaliyomo hufutwa kabla mapya hayajaandikwa; umeme ukikatika wakati huo, unaweza kupoteza mipangilio yote.

Programu inapoandika faili upya, mistari yote ya maelezo yenye # hupotea. Pia majina ya mistari hubadilika kuwa herufi ndogo: "Nakala" huwa "nakala". Kama maelezo ni muhimu, badilisha faili kwa mkono. Na ukihitaji alama ya asilimia katika thamani, iandike mara mbili: 10%%.

Muhimu: linda taarifa za watu

Faili la mipangilio halina kufuli. Yeyote anayetumia kompyuta hiyo anaweza kulifungua na kulisoma. Kwa hiyo:

- Usiandike humo neno la siri la barua pepe wala namba ya siri ya pesa za simu.
- Usiweke majina ya wateja, namba zao za simu wala namba za kadi zao za mgao.
- Kabla ya kumtumia mwenzako faili kwa WhatsApp ili akusaidie, lifungue ulisome lote.
- Hifadhi nakala moja kwenye flashi kabla ya kubadilisha chochote.

Ukikwama, soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa. `NoSectionError` maana yake kichwa cha sehemu hakipo. `NoOptionError` maana yake kichwa kipo, lakini mstari unaoutafuta haupo. Mara nyingi ni herufi moja tu iliyokosewa.