Mtoto wa Kampala, Waziri wa Ottawa, na Sisi wa Handeni

Msomaji wa Handeni au Korogwe ana haki ya kuuliza: maisha ya mwanasheria wa Canada yanatuhusu nini? Kwa maoni yangu yanatuhusu, kwa sababu yanaanzia katika mkasa ambao Handeni nayo iliushuhudia.

Mwaka 1972 Handeni ilikuwa na kambi ya Waganda waliomkimbia Idi Amin. Agosti mwaka huo Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Septemba 17, wakimbizi waliochukua silaha walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa, wakashindwa. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo mtoto wa familia ya Kiismailia, aliyezaliwa Kampala Novemba 1971 na ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja: Arif Virani. Canada iliwapokea.

Virani alisoma McGill, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Toronto. Alikuwa mwanasheria wa serikali ya jimbo la Ontario, na aliwahi kufanya kazi upande wa mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Parkdale–High Park, Toronto, kwa tiketi ya chama cha Liberal. Julai 2023 akawa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu wa Canada. Hakufanikiwa katika kila jambo: muswada wake wa 2024 kuhusu madhara ya mtandaoni ulikufa kabla ya kuwa sheria. Machi 2025 aliondoka barazani, na hakugombea tena.

Dola iliyomfukuza haikujua inamfukuza nani. Haingeweza kujua, hakuna serikali iwezayo kusoma mustakabali wa mtoto mchanga. Ndiyo maana haki ya uraia haipaswi kutegemea asili wala faida inayotarajiwa kutoka kwa mtu.

Sasa tujitazame. Wilayani Handeni yapo makazi ya Chogo, yaliyopokea Wazigua kutoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu katika karne ya 19; wajukuu wakarejea kama wakimbizi baada ya vita vya 1991, wangali wakizungumza Kizigua. Tanzania iliwafungulia mlango wa uraia, na kwa hilo inastahili heshima.

Lakini cheti ni mwanzo tu. Virani alipata shule, chuo, ajira ya umma, na hatimaye wapiga kura waliomwamini. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge awe raia. Haimuulizi babu yake alizikwa wapi. Je, maofisa wetu, vyama vyetu na sisi wapiga kura tunayo subira hiyohiyo? Siku binti wa Chogo atakapoomba kura Handeni au Korogwe, na akaulizwa kuhusu maji na barabara kabla ya kuulizwa kwao ni wapi, ndipo uraia wake utakapokuwa umekamilika.