Mageuzi ya Mtindo wa Mtunzi Euphrase Kezilahabi

Walimu wengi, wakiletewa na mwanafunzi shairi lisilo na vina wala mizani, huuliza: Je, hili ni shairi, au ni maneno yaliyokatwa vipande tu? Sisi tukaao Sinza, karibu na Mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, twaliona swali hili kuwa la jirani zetu, maana Chuoni hapo lilijadiliwa kwa ukali katika miaka ya 1970. Ili kulijibu, yatupasa kuyafuata maisha ya mtunzi aliyelaumiwa kwa ajili yake.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Alisoma katika Seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha. Siku hizo kanuni za utungaji zilijulikana sana, hasa kwa kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954. Shairi la kawaida lilikuwa na beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho.

Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa *Kichomi*, yaani maumivu yachomayo ubavuni. Katika dibaji alieleza kwamba alitaka kuingiza katika ushairi lugha ya mazungumzo ya kila siku. Mashairi ya kitabu hicho yasemea mbali: hueleza, huuliza, husimulia, hata hubishana na msomaji. Watetezi wa kanuni walisema kwamba huko ni kuvunja urithi wa wazee. Wenzake Mulokozi na Kahigi, katika *Malenga wa Bara* ya mwaka 1976, walionyesha kwamba hakuwa peke yake. Tena tukumbuke kwamba nyimbo nyingi za bara hufuata pigo la ngoma na pumzi ya mwimbaji, wala si hesabu ya silabi.

Baadaye alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, kwa utafiti juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Mwaka 1988 ikatoka diwani ya pili, *Karibu Ndani*. Hapa sauti imeshuka. Mtunzi hataki tena kumshinda mtu kwa hoja. Amkaribisha akae naye afikiri. Maneno ni machache, na mafumbo ni mazito zaidi. Badiliko lilo hilo laonekana katika riwaya zake: *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 husimulia wazi, bali *Nagona* na *Mzingile*, za miaka 1990 na 1991, ni fupi na zenye mafumbo kama vitendawili.

Kisha alikwenda kufundisha Botswana. Mwaka 2008, miaka ishirini baada ya diwani ya pili, akatoa *Dhifa*. Humo uchungu wa ujana juu ya mambo ya nchi wapatikana tena, lakini sasa umevikwa ufupi na kejeli za mtu mzima. Alifariki mwaka 2020.

Basi twaona nini? Wengine hudhani kwamba aliyeacha vina alijitafutia wepesi. Diwani hizi tatu zashuhudia kinyume chake. Aliyeacha kuhesabu mizani alilazimika kulipima kila neno, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kujibana. Kanuni za wazee hazikufa kwa ajili yake. Watungao kwa vina wangaliko, na mwanafunzi imempasa kuzijua. Lakini mwalimu aletewapo shairi lisilo na vina asilitupe kabla ya kulisoma. Na achague neno moja, amwulize mtoto: Kwa nini umeliweka hili hapa? Akiwa na jibu, amekwisha kuanza kazi ya mtunzi.